Bando la Usiku

Saa sita kasoro dakika tano tunanyamaza
kama watu wanaongoja mwezi uandame.
Saa sita kamili bando la usiku linafunguka,
picha zinaanza kushuka, moja, kisha moja,
kutoka nchi isiyonyeshewa
tangu kabla hajazaliwa wa kuipa jina.

Studio yangu ipo Barabara ya Nane, Ngamiani.
Mchana napiga pasipoti, wahitimu, mabibi harusi.
Usiku, kompyuta ileile,
naiunga Mirihi kipande kwa kipande
kama anayeshona kanga iliyochanika
akitaka ua likutane na ua.

Zinakuja mbichi, mapacha watatu weusi na weupe:
mmoja kaona kwa jicho jekundu,
mmoja kijani, mmoja buluu.
Nawalaza mmoja juu ya mwenziwe
hadi watoe sura moja.
Wakati mwingine wanagoma:
kivuli kilishasogea,
na jiwe linabaki na pindo jekundu ubavuni.

Semboja alisoma mifupa ya watu pale Bombo
miaka thelathini na mmoja, chumba cha eksirei.
Kastaafu; macho hayakupewa barua.
Huinamia kioo, kimya, halafu:
"Hapa pana ufa. Si wa leo. Uliunga vibaya."
Anasema mwamba.
Shebughe, mvunja chokaa wa Pongwe,
anafuata tabaka kwa ukucha wake mweupe wa vumbi:
"Mchanga haujipangi hivi wenyewe.
Maji yalilala hapa. Yakaamka, yakaenda."
Hatumuulizi yalikokwenda.

Mwezi wa nne tuliona doa,
jeusi, la mviringo, juu kulia.
Kesho yake lipo. Keshokutwa lipo,
na kigari kimeshahama bonde zima.
Shebughe alikwishaliita Kisima.
Semboja akacheka mpaka akakohoa:
"Asubuhi moja Bombo niliona kifua kikuu
kwa watu watatu, pafu lilelile, pembe ileile.
Ulikuwa unywele ndani ya kaseti.
Nusura tuwaanzishie dawa."
Basi. Chembe ya vumbi kwenye lenzi.
Tulikuwa tumeiandikia kurasa nne.

Tuligombana kwa ajili ya mbingu.
Shebughe aliitaka buluu, kama ya Raskazone,
"watu waipende."
Nikamwambia: mama wa bibi harusi
aliniwekea elfu kumi mezani
nimng'arishe bintiye. Nikazirudisha.
Mtoto wa watu sikumchubua,
nitaichubua sayari?
Mbingu ikabaki rangi yake,
chai ya maziwa iliyopoa.

Kisha ikashuka picha ya jua likizama,
na pembeni mwa jua, buluu.
Nikadhani nimewachanganya mapacha.
Nikaanza upya. Buluu.
Mara ya tatu, buluu.
Shebughe hakusema neno,
alinisogezea tu sahani ya kashata.

Sasa ipo ukutani, mita tatu, imeteremka hadi sakafuni,
pale palipokuwa na maporomoko ya maji
na swala wawili wa kuchora.
Wateja huuliza, "Hapo Handeni?"
Nasema, mbele kidogo.
Wengi wanataka nirudishe swala.

Ila Jumanne alikuja Mwanakheri,
picha ya kumpelekea mume aliye Muskati.
Aliitazama kwa muda, mawe yale,
mistari miwili ya magurudumu inayopotelea kilimani.
"Nani alipita?"
"Hakuna mtu."
"Hakuna kabisa?"
"Kabisa."

Akajifunga mtandio vizuri,
akavua viatu, akaviacha mlangoni,
ndipo akakanyaga.